Tende Zisizo na Jina la Mjomba

Khairpur, 3 Machi 2019

Adi Popati, dada yangu,

Ram Ram nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani. Sundri wifi yako anakusalimu. Goti lake bado linamsumbua, lakini ulimi ni mzima kabisa. Asubuhi hii tu amenisema mpaka nikatoka nje bila viatu. Nyati wetu wa maziwa amezaa dume, kwa hiyo nyumba nzima imenuna. Baridi imeondoka na mitende imeanza kutoa makole. Sisi wazima, hofu ni kwenu.

Naandika kwa sababu shemeji Nanakram hapokei simu. Nimepiga mpaka kidole kimechoka. Najua huko mmeambiana kwamba simu za kutoka huku, ng'ambo ya mpaka, siku hizi zina maswali nyuma yake, wala simlaumu. Na hata angepokea, kwa sikio langu hili nasikia upepo tu, nabaki kusema "eh, eh" kama mjinga. Barua ni bora. Barua haikatiki katikati.

Neno lenyewe ni malori mawili. Yalifika mpakani Jumamosi ya katikati ya Februari, na jioni yake serikali yenu ikatangaza ushuru mpya. Dereva anaapa kwamba magunia yalikuwa yameshashushwa upande wenu, yako kwenye ghala la forodha. Mzigo umevuka, Adi! Basi mwambie shemeji aende akautoe. Ni zile tende kavu za mwisho za msimu uliopita, nzuri, kila gunia na muhuri wa tausi wa baba. Hapo Amritsar hakuna mfanyabiashara asiyemjua tausi yule. Haziozi leo wala kesho, lakini joto likiingia na wadudu wataingia.

Usinipambie maneno. Nataka kujua lini anautoa.

Mdogo wako,
Khubchand

*

Amritsar, 30 Machi 2019

Ada Khubo, mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kugandishwa tena kwa gundi, na aliyeisoma kabla yangu natumaini alicheka hapo kwenye viatu kama nilivyocheka mimi. Mpe pole wifi yangu. Mwambie asugue goti kwa mafuta ya haradali, na akusugue na wewe kichwa.

Sisi tuko salama. Mvua ya mawe ilipiga ngano za watu huku. Na sasa habari njema, kaa chini: binti yetu Devki ameposwa. Kijana ni mhandisi, watu wa Ludhiana, hawana makuu sana, ila mama yake anapenda kuuliza maswali ambayo majibu yake anayo. Harusi mwishoni mwa mwaka. Unajua maana yake, mjomba mtu. Wewe ndiwe utakayemmwagia tende pajani, kama desturi yetu, na ziwe za bustani ya baba. Mimi mjomba alinimwagia mpaka sari ikaniteremka. Anza kushughulikia viza leo.

Kuhusu mzigo. Ushuru waliouweka, Khubo, ni mara mbili ya thamani ya tende zenyewe. Mtu anayetaka kutoa gunia moja ni kama amenunua matatu. Nanakram alikwenda pale ghalani, akarudi, akavua viatu, akakaa. Sikumwuliza kitu mpaka alipokunywa chai. Akasema akizitoa atalazimika kuziuza kwa bei ambayo hata mwenye harusi ya binti wa pekee ataikimbia. Kuna mawakili wanasema mzigo uliovuka kabla ya tangazo usihesabiwe. Wengine wanasema utahesabiwa. Kwa hiyo tunasubiri mawakili.

Huko mpakani ungelia. Makuli wale wa shati la bluu wamekaa chini wanacheza karata. Vibanda vya chakula barabarani vimefungwa, malori yamepangwa hayana pa kwenda. Mwanamke aliyekuwa akiwauzia madereva mikate sasa anafua nguo mtaani kwetu.

Subira, mdogo wangu.

Popati

*

Khairpur, 19 Mei 2019

Adi,

Hongera, hongera, na hongera tena! Sundri amegawa peremende mtaa mzima, hata kwa watu tusiosemezana nao. Mwambie Devki mjomba wake anakuja hata kwa miguu. Viza nimeomba. Wameniambia nisubiri. Nimewauliza nisubiri mpaka lini, wakaniambia nisubiri nje.

Joto limekuwa kali, upepo unachoma uso. Samaki wa mtoni bado bei yao si ya binadamu kula. Nyanya pia: zenu hazivuki, zetu hazitoshi, na Sundri sasa anaweka nyanya moja kwenye sufuria nzima halafu ananiangalia kama nimeila mimi.

Subira nimekuwa nayo, dada. Imeisha. Mawakili wenu watakapomaliza kubishana, yale magunia yatakuwa unga wa wadudu. Nanakram ni mume wako na namheshimu, lakini angekuwa yeye ndiye mwenye mzigo huku kwangu, ningeuza hata nyati. Haya, nimesema, na nisamehe, lakini sifuti.

Unajua naitwaje sasa kwenye kibanda cha chai? Balozi. Jirani yetu Sajan ndiye aliyeanza. "Balozi, waambie ndugu zako wapunguze ushuru!" "Balozi, kwani dada yako hana sauti kwa mumewe?" Wanacheka wote, nami nacheka. Sajan si mtu mbaya, tumekua pamoja, na tende zake pia zilikuwa zikienda kwenu. Lakini nikirudi nyumbani chakula hakipiti.

Sasa nisikilize vizuri. Tende zitaanza kuwa za njano Julai. Hapo ndipo mtu anaamua, na akishaamua basi. Akizikata mbichi na kuzichemsha na kuzianika, amepata tende kavu, na mlaji wa tende kavu ni nchi yako: ninyi ndio wenye harusi na ibada zake. Huku kwetu watu hurushiana kiganja kimoja kwenye ndoa, yakaisha. Akiziacha ziive mtini, atapata tende laini, atauza hapa hapa kwa bei ya hapa. Lakini mvua ya Agosti ikizikuta mtini, hana kitu. Wengi safari hii wanaziacha ziive, Sajan akiwa mbele. Mimi wale wanawake wa jangwa la Thar wanaokuja kuchemsha wameshaniletea salamu: je, tuje? Wakija bure, watarudi na watoto wao njaa tupu. Nikikosea, bustani ya baba itakwenda kwa mwenye kunikopesha kuni na mbolea, na hapo mimi, mtoto wa baba, nitakuwa kibarua chini ya mitende ya baba.

Kwa hiyo muulize Nanakram. Nichemshe au nisichemshe? Nataka neno lake, si lako, maana wewe una moyo laini.

Khubchand

*

Amritsar, 27 Juni 2019

Ada Khubo,

Huku tu wazima. Uzi wa rakhi, ule dada anaomfunga nduguye, nimeutia humu mapema, maana posta siku hizi inatembea kwa magoti. Mpe Sundri akufunge mkononi siku ikifika, kwa niaba yangu, na umpe zawadi yeye. Devki amejifunza kupika kadhi, ule mchuzi wa kwetu wa unga wa dengu. Ya kwanza tulimpa ng'ombe wa jirani.

Nilimuuliza Nanakram kama ulivyotaka. Alimaliza kwanza kukunja gazeti lake. Kisha akasema, "Mwambie achemshe."

Nikamwuliza, "Kwani ushuru utaondolewa?" Akaenda kuoga.

Hilo ndilo neno lake. Nimekuletea lilivyo, sikuongeza na sikupunguza.

Kwangu mimi niseme tu kwamba kwenye duka la mboga mama mmoja aliniuliza juzi, mbele ya watu, kwetu ni wapi hasa. Nimeishi mtaa huu tangu nikiwa bibi harusi. Nikamwambia kwetu ni hapo nyuma ya tumbo lako, pisha nipime viazi. Watu wakacheka. Nilipofika nyumbani, Khubo, nikakuta viazi nimevisahau kule kule.

Popati

*

Khairpur, 24 Agosti 2019

Adi Popati,

Sijui barua hii itakufikia kwa njia gani. Watu wanasema na posta nayo inafungwa. Naandika hivyo hivyo.

Rakhi yako ninayo mkononi, imeshaingia masizi. Sundri alinifunga na akadai zawadi kabla hajakaza fundo. Mtoto wa nyati amekufa, lakini mama yake anatoa maziwa.

Nilichemsha. Wanawake wa Thar walikuja na watoto na mbuzi, masufuria yakapangwa, na kwa siku zote zile bustani ilikuwa na moshi na nyimbo na ugomvi kama zamani. Na mvua ikaja! Ilianza usiku, ikapiga mpaka mchana. Tende za Sajan zilikuwa mtini zimeiva nusu, zikavimba, zikapasuka, zikaanza kuchacha juu kwa juu. Zangu zilikuwa zimeshakauka, nimezifunika turubai. Ningeweza kwenda kibanda cha chai nikamcheka. Nilikwenda, nikamnunulia chai, hakuna aliyesema neno la balozi.

Furaha yangu ilidumu kidogo. Safari hii ni serikali yetu ndiyo iliyofunga. Biashara yote na upande wenu, basi, hakuna kuingia wala kutoka. Nikawa nimekaa juu ya rundo la tende nzuri kuliko za miaka mingi, hazina mlaji.

Ndipo akatokea dalali mmoja, Qabool, wa Karachi. Ananunua kwa ajili ya tajiri wa Dubai. Akashika tende zangu, akakunja uso: "Hazina rangi." Nikamwambia baba hakuruhusu rangi iingie sufuriani mwake, tende zetu ni nyekundu za matofali tangu zamani, anayetaka za njano kama kanzu ya sikukuu aende kwa wengine. Bei aliyotaja ilinikata maini. Akataka na magunia meupe, yasiyo na muhuri. Tausi asionekane popote.

Nikamwuliza, "Zikitoka Dubai zinakwenda wapi?"

Akacheka. "Bwana seth, tende hazina pasipoti."

Adi, mimi si mtoto. Lori letu lilikuwa likitoka hapa na siku ya pili liko mlangoni kwenu. Sasa tende hizo zitateremka Karachi, zipande meli, zikae Ghuba zibadilishiwe karatasi, zipande meli nyingine, zishuke, zipande gari, na kila anayezigusa njiani anakata chake. Kinachobaki kwa mchemshaji ni kiasi cha kuwalipa wale wanawake na kunyamazisha mwenye kuni. Niliuza. Magunia meupe niliyashona mwenyewe, sikutaka mtu mwingine afanye kazi ile.

Kapu moja nimelitenga, tende za mitende mitatu ya karibu na kisima, la Devki. Nimelipeleka posta, wamelikataa. Nimempa mtu wa Lahore, amelirudisha. Viza bado naambiwa nisubiri. Dada, usiache mtoto akadhani mjomba wake amekaa tu.

Mshukuru Nanakram. Sijui alijuaje, lakini neno lake limeiokoa bustani.

Khubchand

*

Amritsar, 20 Desemba 2019

Ada Khubo, mdogo wangu,

Barua yako ya Agosti imefika juzi, harusi imeshapita. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na chapati zikaungua.

Devki ameolewa vizuri. Alikuwa mzuri, hakulia mpaka gari lilipowashwa, halafu akalia hata dereva akatafuta leso. Baba mkwe wake ni mpole. Chakula kilitosha. Nataka nikuambie habari za chakula na nguo, karatasi hii ijae, nifunge, nitume. Lakini nitakuambia lile jingine.

Asubuhi ya harusi niliingia stoo kujaza sinia la tende. Nanakram alikuwa ameleta gunia kutoka dukani, jeupe, limeandikwa kwa kizungu na jina la nchi ya Ghuba. Ghali kuliko lozi siku hizi. Nikalifungua, nikaona rangi. Nikasema hapana. Nikatia moja mdomoni. Khubo, nilikaa chini kwenye sakafu na sari yangu ya hariri. Ukinipa tende za dunia nzima nikiwa nimefumba macho, nitaijua ya sufuria ya baba.

Nikamwita Nanakram. Akafunga mlango, akasema yote bila mimi kumwuliza mara ya pili. Yeye ndiye aliyezungumza na tajiri wa Dubai, tangu mwezi wa sita. Yeye ndiye aliyemwelekeza Qabool bustanini kwako. "Malori yake mawili yalinishinda," akasema. "Yamelala ghalani, na mimi silali. Ningemwacha na msimu huu pia?" Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungefurahi, na wewe ukifurahi mtaa unajua." Na kweli, ningemwambia kila mtu.

Nilitaka kumpiga, nilitaka kumbusu. Sikufanya lolote, maana ngoma zilikuwa zimefika mlangoni.

Sasa sikiliza. Mstari wa mbele, upande wa bwana harusi, alikaa baba yake mdogo, na yeye ni mtu wa forodha. Hivyo tu. Si mtu mbaya, alikuja na zawadi nzuri. Wageni wakajaa. Devki akakaa, akatandaza shela mapajani. Sinia likaletwa. Kwa kuwa hukuwepo, binamu wa Nanakram akashika nafasi yako, akamwaga. Zikajaa, Khubo, zikamjaa mpaka zikamwagika chini, watoto wakagombania. Kuhani akauliza kwa sauti kubwa kama ilivyo desturi: "Hizi ni za nyumba ya nani?"

Wa kujibu ni mama. Nanakram akaniangalia. Yule mtu wa forodha alikuwa na tende moja mkononi, anaigeuza geuza tu, kama mtu yeyote anavyogeuza tende. Nikisema ni za nyumba ya ndugu yangu wa Khairpur, wakati karatasi zinasema Ghuba, mume wangu halali nyumbani usiku ule, na harusi ya mtoto inaishia pale pale.

Nikasema, "Ni za dukani. Mjomba wake hakuleta kitu."

Nilisema hivyo mbele ya ukoo wote wa Ludhiana. Mama mkwe akauliza, kwa ile sauti yake, "Mjomba gani huyo, hata kiganja kimoja?" Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye ndugu wa aibu. Na Devki akanitazama kutoka chini ya shela, na tende zako zimemjaa, na macho yake yalikuwa yanasema kumbe mjomba hakunijali.

Sijamwambia. Naogopa atamwambia mumewe, na mumewe amwambie baba yake mdogo mezani, kwa furaha tu, bila ubaya. Kila nikimpigia simu naishia kumwuliza amepika nini. Nimekudhalilisha mbele za watu kwa kitu ulichokileta. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Popati

*

Khairpur, 9 Februari 2020

Adi,

Sundri hajambo. Mimi pia, karibu. Baridi ya mwaka huu imeua michungwa ya watu, mitende imenusurika. Viza imejibiwa: imekataliwa. Angalau nimeacha kusubiri nje.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, nikamwita Sundri nikamsomea hapo kwenye "za dukani", akacheka na yeye. Tulipofika hapo kwa Devki chini ya shela, Sundri akaninyang'anya karatasi. Usiku huo sikula, na wala sikutaka kujifanya nimekula.

Nimekasirika, sitakuficha. Sijakukasirikia wewe. Ningekuwepo pale ningekuziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe usije ukasema kweli. Nanakram simkasirikii tena, na neno langu la nyati nalifuta, mwambie hivyo. Namkasirikia nani basi? Nimetafuta mtu wa kumshika shati, simwoni. Waliopandisha ushuru hawajui kama nipo. Waliofunga mpaka huku hawajui kama Devki ameolewa. Nimekwenda kukaa bustanini nikiwatukana kwa sauti, nikarudi nyumbani na koo linauma tu.

Qabool amekuja tena juzi kushika msimu ujao. Bei imeshuka kidogo zaidi, na magunia yale yale meupe. Sundri alidhani nitamfukuza. Na mimi nilidhani hivyo mpaka nilipofungua mdomo. Wale wanawake wa Thar wameshaniletea salamu, Adi. Nimemwambia Qabool sawa, nitachemsha. Kwa hiyo ukiona tende nyekundu dukani kwenu mwaka huu, zikiwa na jina la nchi ambayo sijawahi kuiona, nunua, kula, usiulize mbele za watu.

Lakini jambo moja siliachi. Akija kukutembelea, mwambie Devki kwamba mjomba wake alileta. Mwambie yeye peke yake, chumbani, na ufunge mlango.

Khubchand